Ushujaa wa Luteni Huandikwa kwa Saa, Mita na Shahidi

Jenerali David Musuguri alipofariki hapa Mwanza Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, nchi nzima ilikumbushwa Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Ilikuwa haki yake. Yeye ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 kuivuka Mutukula hadi ndani ya Uganda, na jina la "Jenerali Mutukula" alilipata kwa kazi. Majina ya makamanda wenzake nayo bado yanatajwa vijiweni Kirumba na Igoma na watu ambao mwaka 1979 walikuwa hawajazaliwa: Walden "Black Mamba", Mayunga "Mti Mkavu", Marwa "Kambale". Sasa mwambie mtu huyohuyo akutajie luteni mmoja tu wa vita vile. Kamanda wa platuni, kijana wa miaka 23 au 25, aliyeangukia mbele ya askari wake 30. Atabaki kukutazama.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaambiwa kwamba walipigana kishujaa na kuyatoa maisha yao kwa ajili ya taifa. Ni kweli tupu, ila sentensi hiyo inamtosha kila mtu na kwa hiyo haimwelezi yeyote. Haisemi kijana yule alifanya nini, saa ngapi, umbali gani kutoka kwa adui, na nini kingetokea kama asingefanya. Msimamo wangu ni huu: ushujaa wa afisa kijana ni kazi yenye hatua, unaweza kuelezwa kama fundi anavyoeleza kazi yake, na usipoelezwa hivyo hauwezi kufundishwa kwenye chuo cha maafisa cha Monduli, hauwezi kutuzwa kwa haki, na familia ya marehemu inabaki na picha ukutani isiyo na habari.

Tuanze na hali aliyokutana nayo. Jeshi la Idi Amin liliingia kwa nguvu Oktoba 30, 1978 na kuikalia ardhi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Novemba 3 wakalilipua daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Uwezo wenyewe ulibidi ujengwe haraka. JWTZ lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa hadi kupita 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000 pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT. Wengi husoma takwimu hizo kwa fahari na kupita. Kwa luteni zilikuwa na maana moja nzito: nusu ya watu aliokabidhiwa huenda hawajawahi kusikia risasi ikipita karibu na sikio.

Mwanza ilikuwa nyuma ya vita lakini haikuwa mbali navyo. Reli iliyofika hapa mwaka 1928, bandari, uwanja wa ndege na matangi ya mafuta viliufanya mji huu kuwa ghala la mapigano ya ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kuja kuyapiga matangi yale. Ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kabla ya hapo, katika siku za mwanzo, mizinga yetu wenyewe ya Musoma ilitungua ndege zetu za kivita ikidhani ni za Amin. Tukio hilo la Musoma linauma kulitaja, lakini linafundisha kuliko ushindi mwingi. Wale wapiga mizinga hawakuwa waoga wala wasaliti. Walikuwa vijana wenye silaha, wenye hofu, na wasio na taarifa. Mahali popote penye vitu hivyo vitatu kwa pamoja, kazi ya afisa kijana ndipo inapoanzia.

Sasa kazi yenyewe. Platuni ni watu kama 30, seksheni tatu, kila moja na koplo wake. Luteni ana sajini wa platuni, mshika redio, na mjumbe wa kukimbia redio inapokufa. Askari wake amebeba SMG, bunduki ya aina ya AK, na, tuseme, magazini nne za risasi 30, jumla risasi 120. Bunduki ile ikiwekwa kwenye mfululizo hutema kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika, maana yake magazini nzima inaisha kwa sekunde 3. Askari mgeni, mara tu anapopigwa, huweka mfululizo na kufyatua kuelekea sauti inakotoka. Zile magazini nne zinamwishia ndani ya dakika moja au mbili, ukihesabu na muda wa kubadilisha, na baada ya hapo ana chuma mkononi. Hapo ndipo watu hugeuka na kukimbia. Mara nyingi tunasema walikimbia kwa woga, kumbe walikimbia kwa sababu risasi ziliisha na hakuna aliyewazuia wasizimalize.

Kuwazuia ndiko kunakomuua luteni. Platuni ikilala chini kujihami inaweza kutanda mita 100 hadi 150. Katikati ya mota na bunduki rashasha, sauti ya mtu haifiki mbali. Askari wa kulia hamsikii kamanda aliye kushoto. Redio ipo kwa ajili ya kuzungumza na kombania, si na kila askari. Kwa hiyo anayetaka platuni ipige polepole, shabaha moja moja, inambidi anyanyuke na kwenda kwa kila koplo: piga kwenye kichuguu kile, mita 200, risasi moja moja, wewe na rashasha yako subiri hadi watoke kwenye mafunjo. Wakati watu wote 30 wamelala, mmoja anatembea. Adui naye si mjinga. Anatafuta mwenye antena pembeni yake, mwenye darubini, mwenye ramani, mwenye kunyoosha mkono. Ndiyo maana maafisa wenye akili huvua alama za cheo kabla ya mapigano, hubeba SMG kama askari wengine badala ya bastola, na humweka mshika redio hatua chache nyuma. Hatua hizo zinapunguza hatari. Haziiondoi, kwa sababu kunyanyuka hakuna mbadala.

Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi hufikiri shujaa ni yule aliyekimbilia kwa adui huku akifyatua. Afisa anayefyatua sana ameacha kazi yake. Bunduki yake ni moja kati ya 30, na macho yake ndiyo pekee yanayopaswa kuona platuni nzima. Luteni aliyemaliza mapigano na magazini mbili zikiwa zimejaa, huku askari wake wakiwa bado na risasi na bado wapo mahali pao, amefanya kazi kubwa kuliko aliyeua maadui watano peke yake na kuwasahau watu wake.

Lukaya ndipo pa kulipima hili. Machi 1979, Masaka ikiwa imeshatekwa tangu Februari 24, Brigedi ya 201 ilipewa kazi ya kusonga moja kwa moja kwenye barabara ya Kampala. Kaskazini ya mji mdogo wa Lukaya barabara hiyo imejengwa kwa tuta juu ya kinamasi kwa urefu wa kama kilomita 25. Ilibidi ishikwe kabla adui hajaiharibu. Brigedi ya 208 ilizungushwa magharibi ya kinamasi. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kupigana. Mbele yao, Machi 10, walitokea askari wa Amin pamoja na Walibya, wenye vifaru 15 vya T-55, magari ya deraya, na roketi za BM-21.

Roketi hizo zinahitaji kuelezwa. Gari moja lina mirija 40 ya milimita 122, na zote zinaweza kuondoka ndani ya sekunde 20 kwenda umbali wa kilomita 20. Sisi wenyewe tulikuwa tumezitumia pale Kagera mwezi Novemba, na Waganda waliokimbia walizipa jina la "saba saba". Lukaya zilirudi kwetu. Mtu aliyejificha kinamasini ana nafuu moja, kwamba tope humeza sehemu ya mlipuko. Lakini mgambo hajui hilo. Anachosikia ni mlio mrefu unaoongezeka, halafu ardhi nzima inatikisika mara 40. Brigedi ikavunjika. Wengine wakaingia kwenye mafunjo, wengine wakarudi na barabara kuelekea Masaka.

Adui akaingia Lukaya, na hapo akafanya kosa lililompotezea vita. Masaka ilikuwa kilomita 30 tu mbele yake, akasimama. Akatupatia usiku mmoja. Alfajiri ya Machi 11 Brigedi ya 208, iliyokuwa imeitwa igeuze njia kutoka kama kilomita 60 kaskazini magharibi, ilitokea kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui, na Brigedi ya 201 ileile iliyotawanyika jana yake ikashambulia kutoka mbele. Walibya na Waganda wakavunjika, wakaacha mamia ya maiti. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa mikononi mwetu.

Wachambuzi wengi husifu ule mzunguko wa Brigedi ya 208, na kwenye ramani unapendeza kweli. Kwangu mimi jambo kubwa la Lukaya ni lile lililotokea kati ya magharibi na alfajiri kwa Brigedi ya 201. Brigedi iliyovunjika saa kumi jioni haishambulii saa kumi na moja alfajiri kwa sababu jenerali ameamuru. Amri ya jenerali ikishafika kwenye bataliani na kombania, inamkuta luteni na sajini, na kutoka hapo ni miguu yao.

Mtu yeyote wa pwani ya ziwa, aliyepita mdomo wa Simiyu au wa Mara, anajua mafunjo yalivyo. Marefu kuliko mtu, mizizi inaelea, unakanyaga unadhani ni nchi kavu na mguu unazama hadi pajani. Ukiwa mita 10 kutoka kwa mwenzako humwoni. Kukusanya platuni humo usiku kuna utaratibu, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika. Kwanza kuchagua mahali pa kukutania panapotambulika gizani, kama kalvati au mti wa peke yake. Hapo hakufai moto wala tochi, maana mizinga ya adui inafika hapo. Pili neno la siri. Kama askari hakumbuki la leo, na wengi hawakumbuki, luteni anaita kwa jina la mtu na jina la kijiji chake, na anayejibu anajibu kwa Kiswahili ambacho Mlibya hawezi kukiiga. Bila hilo watu wa upande mmoja wanauana, kama ndege za Musoma. Tatu ni hesabu: nani yupo, nani alionekana mara ya mwisho wapi, nani amejeruhiwa. Nne ni risasi. Kila mtu anatoa zote alizonazo, zinachanganywa, zinagawanywa sawa, kwa sababu aliyekimbia mapema ana magazini nne na aliyebaki kupigana hana hata moja, na asubuhi huyu wa pili ndiye unayemhitaji zaidi. Tano, silaha zinafutwa tope. SMG inavumilia maji na matope, redio haivumilii, na RPG, silaha ya begani ya kupigia vifaru, ina shida yake: nyuma ya mpigaji lazima pawe wazi, moto wake wa nyuma unaua, kwa hiyo huwezi kuipiga umebanana na wenzako kwenye tuta jembamba.

Sita ndiyo ngumu. Ni kuwaambia ukweli. Askari aliyekimbia ana aibu na ana hofu, akitukanwa atakimbia tena, na akidanganywa kwamba adui ameshaondoka atamlaani aliyemdanganya mara tu akiona kifaru. Anachohitaji ni habari fupi: vifaru 15, viko juu ya tuta, haviwezi kushuka kinamasini, cha mbele kikipigwa na cha nyuma kikipigwa, vya katikati havina pa kwenda. RPG inagonga kifaru kinachotembea kwa uhakika ndani ya mita 300. Wewe na wewe mtakuwa hapa, mimi nitakuwa katikati yenu. Kijana anayeyasema haya usiku ule kwa sauti ya kawaida, akijua kuwa alfajiri yeye ndiye atakayenyanyuka wa kwanza, amejitoa tayari kabla risasi haijamgusa. Ndiyo sababu naona vibaya sana kwamba tunakumbuka wakati wa kifo tu. Kifo ni sekunde moja. Kazi iliyokizunguka ilichukua usiku mzima.

Kujitoa nako kuna kipimo, na hapa nitatofautiana na wanaopenda kila kifo cha afisa kiitwe cha kishujaa. Chukua majeruhi aliyelala mbele ya mstari. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kumaliza damu kwa dakika 3 hadi 5, na mwenzake anapiga kelele akiita. Moyo unasema kimbia umchukue. Afisa aliyefunzwa anajua kwamba mpiga risasi wa adui amemwacha yule majeruhi hai makusudi, ili aje wa pili na wa tatu. Utaratibu ni kumpiga kwanza adui hadi akafiche kichwa, kurusha bomu la moshi kama lipo, ndipo wawili watambae na kumfunga juu ya jeraha kwa kukaza, kisha kumburuta kwa mikanda badala ya kumbeba. Kamanda akienda yeye mwenyewe kabla ya hayo, platuni imepoteza majeruhi na kamanda kwa pamoja, na wale 28 waliobaki hawana anayewaongoza. Lakini kuna hali ambapo moshi hakuna, muda hakuna, na hakuna mwingine aliye karibu. Akienda hapo, akijua, ni jambo jingine kabisa. Tofauti ya matukio hayo mawili haionekani kwenye sentensi ya "alifariki akijaribu kumwokoa mwenzake". Inaonekana ukiandika mita, dakika, na nani mwingine alikuwepo.

Kwa namna inavyotakiwa kuandikwa, tuna mfano kutoka India. Desemba 16, 1971, katika mapigano ya Basantar dhidi ya Pakistani, Luteni Usu Arun Khetarpal wa kikosi cha vifaru cha Poona Horse aliuawa akiwa na miaka 21. Alikuwa amepata kamisheni Juni mwaka huohuo, miezi sita tu kabla. Wahandisi walikuwa hawajamaliza kusafisha mabomu ya ardhini pale vifaru vilipovuka kwenda kuwasaidia walioshambuliwa. Kifaru chake, Centurion kilichoitwa Famagusta, kikapigwa na kushika moto. Akaamriwa akiache. Akajibu kwenye redio kwamba hakiachi kwa sababu mzinga wake mkuu bado unafanya kazi. Aliendelea kupiga, na kifaru cha mwisho alichokiangamiza kilikuwa umbali wa kama mita 100 kutoka kwake. Kisha kikapigwa tena, naye akafa. Alitunukiwa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya India, ambayo tangu kuanzishwa kwake imetolewa kwa watu 21 tu, 14 kati yao wakiwa wameshakufa.

Ona jinsi habari hiyo inavyokubali kuchunguzwa. Mtu anaweza kuuliza swali gumu: kukataa amri ya kuondoka, je, si utovu wa nidhamu? Kwa kuwa mambo yameandikwa, swali linajibika. Amri ilitolewa ili kumwokoa yeye. Aliyeitoa hakuwa akiona alichokuwa akikiona yeye kupitia darubini ya mzinga: vifaru vya adui vinakuja na nyuma yake hakuna cha kuvizuia. Akiondoka, mwanya unafunguka. Uamuzi wake ulisimama juu ya jambo moja linalopimika, mzinga unaofanya kazi. Kama mzinga ungekuwa umekufa na akabaki, tungekuwa na huzuni tu, hatungekuwa na somo. Hiyo ndiyo faida ya sentensi moja ya redio iliyohifadhiwa.

Habari yake ina sehemu nyingine inayotuhusu zaidi. Miaka 30 baadaye, mwaka 2001, baba yake, brigedia mstaafu, alikwenda Pakistani kutazama alikozaliwa. Mwenyeji wake huko, Brigedia Khwaja Mohammad Naser, naye mstaafu, akamweleza kwamba yeye ndiye aliyepambana na mwanawe siku ile na kumuua, na akamsifu kwa ujasiri wake. Shahidi bora wa ushujaa wa kijana yule akatoka upande wa adui.

Sisi tuna mashahidi kama hao ng'ambo ya ziwa hili hili. Waliokuwa askari wa Amin wanaishi Masaka, Mbarara, Arua, na wanajua ni wapi walizuiwa na ni platuni gani haikutoka mahali pake. Nchi mbili zina amani, mabasi yanapita Mutukula kila siku. Anayesema hakuna wa kumuuliza hajatafuta.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya kumtaja mmoja mmoja. Ya kwanza inasema vita vilikuwa vya wananchi wote, na kumpandisha luteni ni kumshusha mgambo. Naiheshimu hoja hiyo, imetoka kwenye malezi mazuri. Lakini luteni hawezi kuelezwa bila watu wake. Ukiandika kweli kazi ya platuni usiku wa Lukaya, yule koplo aliyeshika upande wa kulia anaingia, mgambo aliyetoa magazini zake tatu anaingia, sajini aliyechukua uongozi kamanda alipoanguka anaingia kwa jina. Kinachowafuta mgambo ni ile sentensi moja ya jumla. Hoja ya pili ni usiri wa jeshi. Mahali mizinga yetu inapokaa leo ni siri na ibaki siri. Nani alikaa nyuma ya kalvati gani Machi 1979 haimsaidii adui yeyote.

Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelala zaidi ya mashujaa 600 wa vita vile. Safari ya kutoka Mwanza sasa haina foleni ya kivuko, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, na shule za Nyamagana na Ilemela zinaweza kupeleka wanafunzi na kurudi. Wataona makaburi yamepangwa vizuri, jina na cheo. Mwanafunzi akiuliza huyu luteni alifanya nini, mwalimu anahitaji ukurasa mmoja wa kumsomea. Waliopata Nishani ya Kagera waliipata kwa kushiriki, na wanastahili, ila nishani ya kushiriki haielezi tukio.

Ukurasa huo unaandikwaje? Mahali kwanza, kwa kitu kinachoonekana hadi leo: daraja, tuta, kilima, shule. Halafu saa, hata kama ni "kabla ya jua kuchomoza". Umbali kutoka kwa adui na silaha aliyokuwa nayo adui. Amri aliyopewa luteni, maana bila amri hujui kama alizidisha au alipunguza. Alichofanya, kitendo kimoja kimoja, bila sifa. Kilichotokea kwa sababu hiyo. Na mashahidi wasiopungua wawili ambao hawakukaa pamoja wakati wa kuhojiwa, kwa sababu wazee waliokaa baraza moja miaka 40 wameshasimuliana hadi kumbukumbu zao zimekuwa moja. Mzee asiulizwe "alikuwa shujaa?" Ataitikia. Aulizwe "alikuwa amesimama au amelala? Alisema nini? Nani alikuwa kushoto kwake? Risasi zilikuwa zimebaki ngapi?" Kumbukumbu ya mwili hudumu kuliko ya tarehe. Mtu atakosea mwezi lakini hatasahau kwamba maji yalimfika kiunoni. Tarehe zitapatikana kwenye kumbukumbu za brigedi, maji ya kiunoni hayako humo.

Makosa ya kawaida ni matatu na yote nayaona kwenye vipindi vya redio vya kila Julai. Mhojaji anamkatiza mzee anapofika kwenye habari ya kukimbia, akidhani ni aibu, kumbe bila kukimbia kwa jioni hakuna ushujaa wa alfajiri. Anaruka ajali na mabomu ya kukanyaga, wakati wengi wa wafu wetu walikufa kwa hayo, na luteni aliyetangulia mbele ya lori kwa miguu akichungulia udongo uliochimbuliwa upya alikuwa anajitoa sawa na aliye mbele ya vifaru. Na anaishia kwa wakubwa. Kanali anajua mpango. Platuni ilipokuwa, hakuwepo.

Aliyekuwa na miaka 20 Lukaya alizaliwa 1959. Ameshapita 65, na walio wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Wako Magu, Sengerema, Ukerewe, Misungwi, wanalima na kuvua, na wajukuu wao wana simu zenye kinasa sauti. Kwa kila afisa kijana aliyelala Kaboya, wa kutafutwa wa kwanza ni aliyekuwa mshika redio wake. Ndiye aliyekuwa hatua chache nyuma yake saa zote, aliyesikia kila amri ikiingia na kila jibu likitoka, na mara nyingi ndiye aliyekichukua chombo na kuiarifu kombania kwamba kamanda ameanguka na nani ameshika nafasi yake.